Wazee Wanaotazamana Nyayo

Vijana wapitao karibu na mwembe wakati wa jioni huwasikia wazee wakizungumza, nao hucheka. Mmoja asema juu ya goti lake, mwingine juu ya usingizi uliomkimbia, wa tatu juu ya tumbo. Na kesho yake maneno ni yale yale, ila goti limegeuka kuwa bega. Kijana hujisemea moyoni ya kwamba wazee hawana kazi tena, wala hawana habari nyingine ila za maradhi. Lakini kijana huyo hakusikiliza vema. Maana pale chini ya mwembe inatendeka kazi kubwa, ambayo hata hospitali yenye madaktari wengi haiwezi kuitenda peke yake. Somo hili lataka kuieleza kazi hiyo, jinsi inavyotendeka vema, na jinsi inavyoharibika pia.

Kwanza ifahamike shida za uzee ni za namna gani. Mara nyingi si shida moja kubwa, bali ni ndogo nyingi. Ndoo ya maji ambayo zamani mtu aliinua kwa mkono mmoja sasa yamshinda. Uzi haupiti katika tundu la sindano, kwa sababu macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Watoto wamekwenda kutafuta kazi Lubumbashi au Kolwezi, nao hutuma salamu, na fedha kidogo wanapoweza. Wale waliooa mwaka mmoja naye, wengi wao wamekwisha kuzikwa. Mzee huyu akiugua, haugui mwili tu. Hukesha akihesabu: nani atachota maji, nani ataniuguza, nani atabaki na mke wangu? Mambo hayo hawezi kumwambia mkwe wake wala mjukuu wake, kwa sababu ya haya, tena hataki kuwahangaisha. Humwambia mwenzake wa rika moja, maana huyo anayajua tayari na hana haja ya kufafanuliwa.

Tena magonjwa ya uzee si kama magonjwa ya utoto. Malaria hupiga kelele: mwili hutetemeka, kichwa huuma, na nyumba nzima hujua. Lakini damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi katika mishipa, ugonjwa ule ambao watu wa Kongo huuita tansio, mara nyingi mtu hasikii neno lo lote. Anakula, analala, analima; kumbe moyo, figo na ubongo vinaumia pole pole. Hakuna njia ya kuujua ila kupimwa kwa kile kitambaa kinachofungwa mkononi. Kipimo kikionyesha 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa namba ya chini, au kupita hapo, tena kwa siku mbalimbali, daktari husema ugonjwa upo. Chumvi ipunguzwe, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku katika vyakula vyote. Na mtu akiandikiwa dawa, humezwa kila siku, hata siku ambazo anajiona mzima. Hapo ndipo wengi hukosa. Wanasema: Nimepona, kwa nini nitupe fedha? Wanaacha, na damu inapanda tena kimya kimya, mpaka siku moja mdomo unapinda upande mmoja, mkono unalegea, na maneno hayatoki sawasawa. Aonaye dalili hizo kwa mwenzake asingoje mapambazuko. Ampeleke hospitali saa ile ile.

Ugonjwa wa sukari una hila nyingine. Ukikaa miaka mingi bila kutunzwa vema, huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni, hata mguu ukasahau maumivu. Mtu hukanyaga mwiba au kipande cha chupa, wala hasikii. Hutembea tangu asubuhi hadi jioni na kokoto ndani ya kiatu. Tena damu haifiki vizuri miguuni, kwa hiyo kidonda hakiponi upesi. Hunuka, huoza, huingia mfupani, na mara nyingi mwisho wake ni kukatwa mguu. Kwa sababu hiyo madaktari huwaagiza wagonjwa wa sukari wachunguze miguu yao kila siku, juu, chini, na katikati ya vidole. Agizo hilo ni jema. Lakini mzee wa miaka 70, mwenye mgongo mgumu na macho yenye ukungu, atauonaje wayo wake mwenyewe? Wayo ni sehemu ya mwili ambayo mtu huitumia maisha yake yote asiione. Yafaa apate jicho la mwingine.

Wachukuliwe kwa mfano wazee wawili wa Kamina, mji ule ambamo njia za reli hukutana. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, walakini msomaji atawatambua wazee hao, maana wako katika kila mji. Mmoja alifanya kazi ya reli miaka mingi; mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wote wawili walikuwa wamepewa habari ya magonjwa yao: mtu wa reli alikuwa na sukari, Mwalimu alikuwa na tansio. Kila jioni mtu wa reli alikuja na kiti chake, wakakaa nje ya nyumba ya Mwalimu, wakaulizana habari za mwili, na kila mmoja akajibu kwamba si mbaya.

Jioni moja mtu wa reli alikuja amevaa viatu vya kufunika, ingawa joto lilikuwa kali. Mwalimu hakuona neno, kwa sababu ya ukungu wa macho yake. Lakini pua yake ilikuwa nzima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

— Ndugu, nasikia harufu ya kidonda.

— Labda panya amefia darini kwako, Mwalimu.

— Panya hakufika pamoja nawe. Vua kiatu.

Mtu wa reli akakasirika. Akasema amekwisha kutia majani na majivu, na ya kuwa kidonda chenyewe hakimwumi hata kidogo. Na kidonda kisichouma kiko karibu kupona. Mwalimu akajibu:

— Kule kutokuuma ndiko kunakonitia hofu.

Wakakaa kimya muda mrefu. Kisha mtu wa reli akasema kwa sauti ya chini:

— Nikienda watakata. Nimemwona jirani yetu, alikwenda na miguu miwili akarudi na mmoja. Nani atanilimia? Mama wa watoto naye hawezi kitu.

Mwalimu hakumwambia: Usiogope. Mtu mwenye hofu haponi kwa kuambiwa usiogope. Huficha tu hofu yake mahali pengine. Mwalimu alikuna magoti yake, akasema:

— Nami nina neno. Vidonge vyangu nimeviacha tangu Pasaka. Kila unaponiuliza nakuambia nimemeza. Nimekudanganya, ndugu yangu. Fedha ile nilinunua madaftari ya mjukuu.

— Kumbe tu waongo wawili, akasema mtu wa reli, akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Kisha akavua kiatu.

Asubuhi mpwa wa Mwalimu akampakia mgonjwa nyuma ya baiskeli, na Mwalimu akafuata kwa miguu na fimbo yake. Katika kituo cha afya waliingia wote wawili. Muuguzi alisafisha kidonda, akaandika barua ya kwenda hospitali. Kisha akamfunga Mwalimu kile kitambaa mkononi, akatikisa kichwa, akatafuta dawa ambayo bei yake Mwalimu angeiweza. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Mguu ulibaki.

Yafaa kuangalia hapo jambo lililoufungua mdomo wa mtu wa reli. Hakufunguliwa na mashauri, kwa kuwa mashauri alikuwa ameyasikia yote kutoka kwa muuguzi tangu mwanzo. Alifunguliwa na mwenzake aliyeweka shida yake mwenyewe mbele, bila kujipamba. Mzee huona haya kuwa yeye peke yake ndiye dhaifu. Akiona mwingine naye ni dhaifu, haya hupungua. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia rafiki mgonjwa asiende kama mwamuzi wala kama mhubiri. Aende na kilema chake mkononi.

Tena walikwenda pamoja, na neno hilo si dogo. Mzee mbele ya daktari husahau. Masikio mazito, hofu, na maneno ya Kifaransa vyampita. Akifika nyumbani anakumbuka rangi ya vidonge tu, wala hajui kama ni asubuhi au jioni. Rafiki aliyekaa karibu naye huchukua nusu ya maneno, na mgonjwa huchukua nusu, njiani wanayaunganisha. Vilevile rafiki huweza kuuliza lile ambalo mgonjwa anaona haya kuliuliza, kama habari ya bei.

Na rafiki aliyezoea kumwona mwenzake kila siku hutambua mambo yasiyotambulika kwa mgeni. Mgonjwa wa sukari anayemeza dawa au kudungwa insulini akikosa kula, huenda sukari ikashuka mno katika damu: hutoka jasho, hutetemeka, husema ovyo. Mpita njia atasema mzee amelewa, naye atapita. Rafiki atajua. Atampa maji yaliyotiwa sukari, vijiko vitatu au vinne vya chai, kama mgonjwa aweza kumeza. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe upesi.

Sasa lazima yasemwe maneno makali kidogo, kwa sababu wema wa wazee una hatari yake. Mzee mwema hugawa kila kitu: tumbaku, chumvi, hata vidonge. Husema: Hiki kilinisaidia mimi, chukua nawe. Jambo hilo limewaumiza wengi. Kidonge cha kushusha sukari kikimezwa na asiye na ugonjwa huo, chaweza kumwangusha siku ile ile. Kidonge cha tansio katika mwili usiokihitaji humtia mtu kizunguzungu, na mzee akianguka mfupa wa nyonga huvunjika. Hata vidonge vya maumivu vinavyouzwa sokoni, kama ibuprofeni na diklofenaki, vikimezwa siku nyingi huweza kupandisha damu na kuharibu figo, tena hudhuru hasa wazee. Vivyo hivyo mgonjwa wa sukari asikandwe miguu kwa maji ya moto na rafiki yake, hata kama anasema maji si ya moto. Mguu wake hauna habari. Maji yapimwe kwa kiwiko cha rafiki. Wazee na wagawane bukari na sombe, wagawane nauli, wagawane zamu ya kulala kwa mgonjwa. Lakini kila mtu na vidonge vyake.

Kuna sumu nyingine, nayo ni ya ulimi. Kitabu cha Ayubu kinasimulia jinsi rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walivyomjia katika mateso yake, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Mpaka hapo walifanya vema kabisa. Wakaharibu walipoanza kueleza kwa nini Ayubu ameugua, wakitafuta kosa lake. Siku hizi maelezo ya namna hiyo yanasikika katika mitaa mingi: fulani amerogwa, au mbaya zaidi, fulani ni mzee, ana macho mekundu, basi ni yeye anayeroga. Maneno hayo yamewafukuza bibi vizee kutoka nyumba walizozijenga wenyewe. Na matunda yake kwa wagonjwa ni haya, kwamba mzee mwenye kidonda hukificha, akihofia kutajiwa jina la adui badala ya jina la ugonjwa. Sukari ni sukari. Rafiki asimtafutie mwenzake mkosaji, amtafutie baiskeli.

Labda mtu atauliza kama kweli kusikilizwa na mtu wa kawaida, asiyesoma udaktari, kwaweza kuponya. Jibu lake limekwisha kupatikana katika Afrika hii hii, katika nchi ya Zimbabwe. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona ya kuwa watu wengi wamelemewa na huzuni, na madaktari wa kazi yake ni wachache mno. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kazi pamoja na akina bibi 14. Walifundishwa kusikiliza, kisha kila mmoja aliketi na mtu mwenye shida kwenye benchi ya mbao nje ya kliniki. Husimuliwa kwamba hapo mwanzo benchi ilikusudiwa kuitwa kwa jina la ugonjwa wa akili, na bibi hao wakakataa. Wakasema hakuna atakayekubali kuikalia. Ikaitwa Benchi ya Urafiki. Nao hawakutumia majina ya hospitalini, bali neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni nani asiyelijua jambo hilo, hata kama halijui neno lenyewe?

Kazi hiyo ilipimwa kwa uangalifu. Watu 573 wa kliniki 24 za Harare waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata utunzaji wa kawaida, jingine lilikalishwa kwenye benchi. Habari zake zilichapwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kundi la kwanza nusu ya watu walikuwa na dalili za huzuni nzito. Katika kundi la benchi walikuwa kama 14 tu katika kila 100. Bibi hawakuwaondolea watu umaskini. Walimwacha mtu aseme shida zake zote, wakamsaidia achague moja tu ya kuanza nayo, kisha wakapanga pamoja naye hatua ndogo ya kufanya kabla ya kurudi. Na waliokwisha kuketi bencini walialikwa kuingia katika vikundi, ambamo wanawake hukaa pamoja wakifuma mikoba, huku wakiambiana habari za nyumbani.

Jambo lile la kuchagua shida moja lafaa kukumbukwa chini ya kila mwembe. Mzee akimwaga shida kumi, na rafiki akajaribu kuzijibu zote kumi, wote wawili watalala wamechoka. Bora aulize: Katika hizo, ipi ikitoka wiki hii utapumua? Pengine jibu litamshangaza. Mama mzee mwenye miguu iliyovimba na paa linalovuja aweza kujibu kwamba anayotaka kwanza ni mtu wa kumwandikia mwanawe barua.

Kuhusu fedha, maneno machache yatosha, kwa kuwa watu wa Kongo wanajua likelemba vizuri kuliko wanavyoweza kufundishwa. Wazee watano wakiweka kila mmoja faranga kidogo kila Jumapili katika kopo la mmoja wao, ambaye hesabu yake huandikwa na kusomwa mbele ya wote, nauli ya kwenda hospitali itakuwapo siku ya haja. Kopo hilo lisitumike kwa matanga. Matanga yana watu wengi wa kuyatolea fedha; safari ya mzee kwenda kupimwa damu haina mtu.

Turudi kwa wale wawili wa Kamina. Mtu wa reli sasa huvaa viatu vipana, wala haendi peku hata uani. Afikapo jioni, kabla ya salamu kwisha, huinua mguu na kuuweka juu ya goti la Mwalimu. Mwalimu haoni vizuri, basi mjukuu wake, yule wa madaftari, huleta taa na kusoma wayo kama mtu asomaye kitabu: hapa pakavu, hapa pekundu, katikati ya vidole hakuna kitu. Halafu Mwalimu hutoa kopo lake, na mtu wa reli, ambaye macho yake bado ni mazuri, huhesabu vidonge. Vikizidi kimoja, humwuliza: Jana ulikuwa wapi?

Mwalimu wa shule akilisomesha somo hili awape watoto kazi ya nyumbani. Jioni ya leo kila mtoto amwombe ruhusa babu au bibi yake, au mzee wa jirani asiye na wajukuu karibu, amtazame nyayo. Aombe kwa adabu, apige goti, alete taa. Akiona jeraha, au lengelenge, au mahali palipobadilika rangi, asitie majivu wala asikate kwa wembe. Amwambie mama yake usiku ule ule, na kesho mzee apelekwe kituo cha afya. Na kama mzee atakataa, mtoto asibishane naye, bali amwulize jina la rafiki yake, aende kumwita.